Maji Ndani ya Buti

(Mazungumzo ya asubuhi redioni. Tumeyachapa kwa ajili ya wale ambao hawakuwahi kuyasikia.)

Labda uko jikoni unachemsha chai. Labda uko njiani kwenda kazini, au umelala kitandani kwa ugonjwa. Popote ulipo, nakuomba unipe dakika hizi chache. Leo nataka kuzungumza nawe juu ya jambo dogo sana, yaani maji yaliyoingia ndani ya buti ya gari langu.

Huenda ukasema, "Mimi sina gari. Mambo ya buti yananihusu nini?" Ngoja kidogo, ndugu yangu. Ikiwa una paa linalovuja, au ikiwa una ulimi unaotangulia kusema kabla macho hayajaona, basi maneno haya ni yako pia.

Ilikuwa mwezi wa Aprili, wakati wa mvua za masika. Familia moja tuliyoijua huko Molo ilikuwa imefiwa na baba wa nyumba. Sisi wazee wa kanisa tulichanga, tukanunua marobota mawili ya unga wa mahindi, sukari na majani ya chai. Nikapewa kazi ya kuvipeleka kwa sababu nina gari dogo. Jioni ya kabla ya safari nilimpa kijana mmoja anayeosha magari karibu na kituo cha matatu alioshe, maana si vizuri kwenda matangani na gari lenye matope. Usiku nikapakia vitu vile, na asubuhi nikatoka Nakuru. Nilipopita Njoro mvua ilianza, na kufika Elburgon ilikuwa ikimwagika kama ndoo zimepinduliwa.

Nilipofika katika boma lile, watu walisimama kunipokea. Nikafungua buti mbele yao wote. Loo! Zulia lilikuwa limelowa chapachapa. Pakiti za unga za chini zilikuwa zimepasuka, na unga umekuwa kama uji. Sukari ilikuwa ikichuruzika. Mama mfiwa akanishika mkono, akasema, "Mzee, mmekuja. Hilo latosha." Lakini mimi nilijawa na aibu, na aibu ile ikageuka kuwa hasira.

Siku ya pili nilirudi Nakuru, nikaenda moja kwa moja kwa yule kijana. Palikuwa na wateja wake wakingoja. Mbele yao nikamwambia kwamba ni mzembe, kwamba amemwaga maji ndani ya buti yangu, na kwamba ameharibu chakula cha wafiwa. Kijana akasema kwa upole, "Mzee, mimi sikufungua buti. Ulikuwa umeifunga na kwenda na ufunguo." Sikumsikiliza. Nikamwambia asiguse gari langu tena. Nilipokuwa nikiondoka niliona wateja wawili wakiyahamisha magari yao kwa mwoshaji mwingine. Nilifikiri nimetenda haki.

Wiki tatu zikapita. Gari halikuoshwa na mtu yeyote. Siku moja, baada ya mvua ya usiku kucha, nilifungua buti kutafuta jeki, nikasikia harufu ya uvundo. Nikainua ubao wa chini. Pale linapokaa tairi la spea palikuwa na maji, kina cha vidole vitatu. Ringi ya tairi ilikuwa imeanza kushika kutu.

Msikilizaji mpendwa, nilisimama pale nikiyatazama maji yale, na nikahisi moyo wangu ukinidunda. Nani aliyeyamwaga safari hii?

Nikaenda kwa fundi mmoja wa jua kali, mtu mtulivu wa makamo. Nikamweleza. Nikamwonyesha upande wa kulia wa buti, mahali palipolowa zaidi, nikamwambia, "Maji yanaingia hapa." Akatikisa kichwa. Akasema, "Mzee, hapo ndipo yalipotulia. Pale yalipoingia hatujapajua. Maji hutembea. Yanaweza kuingia juu kushoto na kutulia chini kulia."

Kisha akaanza kazi, nami nitakueleza jinsi alivyoifanya, ili wewe mwenye gari uweze kujisaidia.

Kwanza alitoa kila kitu: zulia, ubao, tairi la spea, jeki na spana. Akakausha chuma chote kwa kitambaa, kwa sababu huwezi kuona tone jipya mahali ambapo pana maji ya zamani. Akaondoa pia vifuniko vya pembeni, ili mabati ya ndani yaonekane.

Pili alichunguza mpira unaozunguka mdomo wa buti. Aliupaka chaki kuuzunguka wote, akafunga kifuniko, akakifungua tena. Palipoguswa, chaki ilikuwa imeacha alama kwenye chuma. Kama pangekuwa na mahali pasipo na alama, hapo mpira haugusi, nayo maji yatapita. Baadaye akaweka kipande cha karatasi kwenye mpira, akafunga, akakivuta. Karatasi ikishikwa kwa nguvu, mpira ni mzima. Ikitoka bila kushikwa, mpira umechoka au kifuniko hakikukaa sawa, na huenda kufuli likahitaji kurekebishwa ili kifuniko kikandamize vizuri. Mpira wangu ulikuwa mzima.

Tatu alitafuta msaidizi. Alilaza kiti cha nyuma ili njia ya kutoka iwe wazi, akaingia ndani ya buti na tochi, na ufunguo ukabaki mfukoni mwangu. Nakusihi, mzazi, usimfungie mtoto humo hata kwa mzaha, kwa maana joto na kukosa hewa huua. Kijana wake akashika mpira wa maji, akamwagia gari kwa nje polepole, bila kasi kubwa. Hakuanza juu. Alianza chini, karibu na bampa, akangoja dakika chache. Akapanda hadi kwenye taa za nyuma, akangoja. Baadaye angepanda kwenye mdomo wa kifuniko, na mwisho kwenye kioo cha nyuma na eriali. Nikamwuliza sababu. Akajibu kutoka ndani, "Ukianza juu, maji yatateremka kila mahali, na hutajua ni mlango upi ulioyaingiza. Anza chini, mahali pamoja pamoja."

Walipofika kwenye taa ya kushoto, nilisikia sauti kutoka ndani ya buti: "Simama! Ni hapa."

Akatoka, akafungua taa ile. Nyuma ya taa kuna mpira mwembamba wa kuzuia maji. Ule wangu ulikuwa umekunjwa na kubanwa upande mmoja, na nati moja haikuwapo kabisa. Maji ya mvua hutoka juu ya paa, hupita kwenye mfereji unaozunguka kifuniko cha buti, na huteremka karibu na taa. Yakifika pale yalipata mwanya, yakaingia, yakafuata bati la ndani hadi chini, zulia likayanyonya na kuyapeleka upande wa pili.

Fundi akanitazama. Akauliza, "Mzee, nani aliyeifungua taa hii mara ya mwisho?"

Nilinyamaza. Mwezi wa Februari balbu ya taa ile iliungua. Katika gari langu, ili kuifikia balbu ni lazima taa yote itolewe. Sikutaka kulipa fundi. Niliifungua mimi mwenyewe, jioni, giza likiingia, kwa haraka. Nati moja ilianguka, nikaiacha.

Ndugu msikilizaji, aliyeharibu unga wa wafiwa ni mimi.

Nilimwomba fundi apake silikoni kwa nje ili niende zangu. Alikataa. "Ukiziba nje na ndani kuna unyevu," alisema, "umeyafungia maji humo. Kutu italiwa na nani? Italila gari lako." Akaondoa mpira ule, akasafisha bati, akalisugua kwa msasa mahali palipoanza kutu, akapaka rangi ya kuzuia kutu, na kungoja ikauke. Akaweka mpira mpya na nati zote. Alizikaza kidogo kidogo, huku na huku, kwa maana ukikaza moja kupita kiasi plastiki ya taa hupasuka na unaanza upya. Aliniambia pia kwamba silikoni yenye harufu kama ya siki haifai kwenye chuma kitupu, kwa sababu nayo huleta kutu. Viungo vya mabati vilivyopasuka huzibwa kwa dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya bodi ya gari. Mwishoni akamwaga maji tena pale pale, na mahali pengine pote. Ndani pakabaki pakavu.

Nikamwambia kwamba rafiki yangu mmoja alitatua shida kama yangu kwa kung'oa kizibo cha mpira kilicho chini ya tairi la spea, ili maji yatoke yenyewe. Fundi akacheka. "Huyo hakuziba kitu. Amefungulia maji na vumbi la barabara mlango wa pili."

Wapenzi, mnaikumbuka habari ya Nehemia. Alipofika Yerusalemu, mji ambao kuta zake zilikuwa zimebomoka, hakuanza kwa kulaumu. Alikaa siku tatu. Kisha akaondoka usiku na watu wachache, akazunguka, akatazama ufa baada ya ufa, lango baada ya lango. Wakubwa wa mji hawakujua alikokwenda. Alitazama kwanza, na baadaye ndipo aliposema. Mimi nilisema kwanza, na wiki tatu baadaye ndipo nilipotazama.

Tena liko jambo lingine katika habari ile. Kabla hajatoka nchi ya mbali, Nehemia alipoomba juu ya makosa yaliyoleta msiba, hakusema ni wale wengine waliokosa. Alijihesabu yeye mwenyewe pamoja na jamaa ya baba yake. Alianza uchunguzi nyumbani kwake. Nani kati yetu huanza hapo? Mtoto akikosa adabu, tunauliza ni shule gani hiyo. Fedha za chama zikipungua, tunamtazama mweka hazina. Ndoa ikiingia baridi, tunamtafuta jirani aliyeleta fitina. Tunaonyesha mahali maji yalipotulia, na hatutaki kuuliza yalikoingilia, kwa sababu huenda kuna taa tuliyoifungua wenyewe gizani.

Siku ile ile nilikwenda kituoni. Wazee wetu walisema kwamba maji yakimwagika hayazoleki, na neno ni vivyo hivyo. Nilijua siwezi kulizoa neno langu. Lakini nilikuwa nimelimwaga mbele ya watu, kwa hiyo sikumwita kijana pembeni. Nilisimama pale pale, wateja wakiwapo, nikasema, "Kijana wangu, nilikusingizia. Buti yangu ilivuja kwa kazi ya mikono yangu mwenyewe. Unisamehe."

Akaweka kitambaa chake chini. Akasema, "Mzee, nilikwisha kusamehe. Lakini nilikuwa naomba siku moja ujue."

Maneno yale yaliniingia kuliko mahubiri mengi. Nikawatafuta wale wateja wawili. Mmoja amerudi kwake. Mwingine hakurudi hata leo, nami sina namna ya kumlazimisha. Unga tuliununua mwingine na kuupeleka Molo, na safari hii ulifika mkavu. Lakini yule mteja mmoja aliyepotea ananikumbusha kwamba ufa mwingine ukizibwa, hasara yake hubaki.

Basi, msikilizaji mpendwa, mvua zitakuja tena. Leo, kabla hujamwambia mtu yeyote "ni wewe," jiulize maswali mawili. Je, nimeona maji yanapoingilia, au nimeona yalipotulia tu? Na je, ni mkono wa nani uliofungua mahali pale mara ya mwisho? Na ukigundua ni mkono wako, usipake dawa kwa nje. Fungua, safisha, kausha, ziba vizuri, kisha mwendee yule uliyemlaumu, kama ni mbele ya watu ulipomlaumia, basi iwe mbele ya watu.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe waona hata penye giza ndani yetu. Utupe subira ya kutazama kabla ya kusema, na ujasiri wa kukiri baada ya kuona. Uwainue wote tuliowaangusha kwa maneno yetu. Amina.