Springi za Nyuma Zikilala

Chukueni kalamu na karatasi, kwani leo yatatajwa mambo ya kuandika.

Sisi tuliozaliwa Makoongwe tumezoea vyombo vya baharini kuliko motokaa. Kisiwa chetu ni kidogo; mtu hupanda mashua, akavuka mpaka Mkoani, na huko ndiko safari ya gurudumu inakoanza. Lakini ami yangu alikuwa na Morris Minor yake kuukuu, akiiweka kwa rafiki yake huko Mkoani. Motokaa hizo zilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1948, na ziliendelea kuundwa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ziliundwa zaidi ya milioni moja, na hata leo wako watu wanaozipenda na kuzitunza.

Motokaa ya ami ilikuwa imelala nyuma, kama kuku anayeatamia. Kila aliyeiona alikuwa na dawa yake. Mmoja alisema, "Badilisha shokapu." Ami akabadilisha, na motokaa ikabaki vile vile. Mwingine akampeleka kwa mhunzi. Springi zikatiwa katika makaa, zikawa nyekundu, zikapindwa kwa nyundo, zikaachwa zipoe. Motokaa ikasimama juu kama mpya, na ami akafurahi sana.

Haukupita muda mrefu, ikatokea usiku tuna mgonjwa wa kupelekwa Chake Chake, mama mwenye uchungu wa kuzaa. Tulipokuwa njiani tukasikia mshindo. Jani kuu la springi ya kushoto lilikuwa limekatika karibu na tundu lake la mbele. Ekseli ikarudi nyuma upande mmoja, na motokaa ikaenda mshazari kama kaa. Mungu alitujalia: lilipita lori la mizigo, mama akachukuliwa, akajifungua salama. Lakini tangu usiku ule nilijifunza neno moja, na ndilo somo la leo: kuinua motokaa si kuiponya springi.

Sasa tuitazame springi yenyewe, au kamani kama wengine wanavyoiita. Ni mabamba ya chuma yaliyopangwa, refu juu na fupi chini, nayo huitwa majani. Jani kuu lina tundu kila mwisho. Tundu la mbele hushikwa na bolti kwenye bodi au chasisi. Tundu la nyuma hushikwa na shakeli, yaani vile vibao viwili vya chuma vinavyoning'inia na kucheza; kwani springi inaponyooka kwa uzito huongezeka urefu, nayo lazima ipate nafasi. Katikati majani yote hupitiwa na bolti moja, senta bolti, na ekseli hufungwa kwenye springi kwa yubolti.

Na shokapu je? Katika motokaa za namna hii shokapu haibebi uzito. Kazi yake ni kutuliza mchezo wa springi, motokaa isiendelee kuruka baada ya shimo. Kwa hiyo fedha ya kwanza ya ami ilipotea bure.

Mwenye mashua atanifahamu upesi. Mashua ikiegemea upande mmoja, nahodha hauegemezi mlingoti kwa gogo. Huuliza kwanza: shehena imewekwa wapi? Maji yanaingia wapi? Nasi tufanye hivyo hivyo.

Weka motokaa mahali palipo sawa, bila mzigo, na upepo wa tairi uwe sawa kushoto na kulia. Pima kutoka katikati ya gurudumu la nyuma mpaka ukingo wa madigadi juu yake. Pima pande zote mbili, uandike. Upande mmoja ukiwa chini sana kuliko mwenzake, tafuta jani lililokatika au shakeli iliyoganda kwa kutu. Pande zote zikiwa chini, huenda springi zimechoka kwa miaka na mizigo.

Kisha tazama mahali springi inaposhikwa na bodi. Sisi watu wa pwani hewa yetu ina chumvi, na chumvi na chuma ni maadui. Chukua bisibisi, uchokoe pale. Ikiwa bisibisi inazama, bati limeoza. Basi usinunue springi kabla ya kumwita fundi wa kuunga chuma akarudishe mahali hapo katika nguvu yake. Springi mpya juu ya bati bovu ni tanga jipya juu ya mlingoti uliooza.

Sasa kazi. Jioni ya kuamkia siku ya kazi, safisha nati kwa brashi ya waya, uzitie mafuta mepesi yalowe usiku kucha. Asubuhi zuia magurudumu ya mbele kwa kabari. Inua nyuma kwa jeki, kisha weka stendi za chuma chini ya sehemu ngumu ya bodi, mbele ya springi. Tafadhali andikeni haya: mtu asiingie chini ya motokaa inayoshikwa na jeki peke yake. Wala msitumie mawe ya matumbawe wala matofali, kwani hupasuka ghafla bila kubisha hodi.

Motokaa ikikaa imara, tia jeki chini ya ekseli ili ishike uzito wake. Ondoa magurudumu. Fungua kiungo cha shokapu, kisha yubolti, kisha shakeli, mwisho bolti ya mbele. Tazama sana bomba la mpira la breki. Ekseli isishuke ikalivuta. Fanya upande mmoja kwanza, ili upande wa pili uwe kielelezo chako unaporudisha.

Springi ikitoka, usikimbilie kufungua senta bolti. Ibane kwanza katika jiriwa, au kwa klampu mbili zenye nguvu, kwani majani yanaweza kufyatuka na kumjeruhi mtu. Yakiachana, yasafishe, uyatazame juani moja moja. Tafuta ufa, hasa karibu na tundu la katikati na karibu na matundu ya mwisho. Jani lenye ufa halifai. Lisiungwe kwa moto wa umeme wala wa gesi. Litakatika tena papo hapo, au pembeni yake.

Na kwa nini springi za ami zilikatika? Chuma cha springi kiwandani hupashwa moto kwa kipimo, kikapozwa haraka katika mafuta, kisha kikapashwa tena kwa joto la chini zaidi. Ndivyo kinavyopata ugumu wa kubeba na wepesi wa kurudi. Ukikitia katika makaa mpaka kiwe chekundu, umeifuta kazi yote hiyo. Ukikiacha kipoe polepole, kinakuwa laini na kitalala tena. Ukikitosa katika maji na kuishia hapo, kinakuwa kikavu kama kigae. Simlaumu mhunzi, ufundi wake wa jembe na shoka ni mkubwa, lakini springi ina kipimo chake. Wako mafundi wanaorudisha mpindo kwa nyundo bila moto, jani kwa jani. Hiyo husaidia kwa muda, lakini majani yaliyochoka hurudi kulala. Dawa ya kweli ni springi mpya za motokaa ile ile, na zibadilishwe mbili pamoja, ama sivyo motokaa itaegemea upande wa ile ya zamani. Kuongeza jani moja hufaa kwa gari la magunia ya karafuu. Kwa gari la watu, humtikisa abiria kila kokoto.

Unaporudisha, paka grisi nyembamba kati ya majani, utie bushi mpya za mpira na yubolti mpya. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Bolti za bushi zikaze kidogo tu wakati motokaa iko juu. Rudisha magurudumu, ishushe mpaka isimame kwa uzito wake, uitikise mara mbili tatu, ndipo uzikaze kabisa. Ukizikaze ikiwa juu, mpira hujipinda motokaa inaposhuka, na hauchukui muda kuchanika. Baada ya siku chache za mwendo, kaza yubolti tena, kwani springi mpya hujikalia.

Mwisho, pima tena ulipopima mwanzo, ulinganishe na maandishi yako. Tazama na taa za mbele. Motokaa iliyolala nyuma hutazamisha taa zake juu na kumpofusha anayekuja. Nayo ikiinuka, mwanga hurudi barabarani.

Ami alinunua springi mbili mpya, tukazitia wenyewe chini ya mwembe pale Mkoani, siku mbili. Ile ya mhunzi iliyokatika aliitundika ukutani. Mtu akimwuliza, husema, "Hiyo ndiyo bei ya haraka."

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Kwa nini shokapu mpya haikuiinua motokaa ya ami?

2. Taja mambo matatu ya kutazama kabla ya kununua springi.

3. Kwa nini bolti za bushi hukazwa motokaa ikiwa imesimama kwa magurudumu yake?