Makiri ya Omoni: Kuchagua na Kufunga Kishikio cha Kamba ya Nanga

Wale mliosikiliza redioni mkakosa maneno mengine kwa ajili ya kelele za watoto au za mvua, sasa mnayo hapa yameandikwa. Yasomeni polepole. Neno gumu likitokea, mmoja alisome kwa sauti na wengine wamfuate.

Somo la leo ni la wavuvi wenye mashua ndogo. Nataka tuzungumze juu ya kitu kimoja kilicho mbele ya mashua, katika omo, nacho ni kile kishikio tunachofungia kamba ya nanga. Mabaharia hukiita makiri. Ni kipande cha mti au cha chuma chenye pembe mbili, moja inatazama huku na nyingine kule. Ni kitu kidogo. Mtu hukiruka kila siku aendapo kutia nanga, wala hakifikirii. Lakini usiku, mashua ikiwa imetia nanga na watu wamelala, chombo chote pamoja na samaki, nyavu na watu wake kimeshikwa na kipande hicho kimoja.

Nitawaeleza kwanza jinsi nilivyojifunza habari hii, maana sikuipata shuleni.

Nilipokuwa kijana nilikwenda baharini na mjomba wangu. Mashua yake ilikuwa ya mbao, urefu wake futi 22, na mbele ilikuwa na sitaha ndogo ya kusimama mtu mmoja. Makiri yake ya zamani, ya mti, ilikuwa imepasuka. Mjomba akaenda mjini, akarudi na makiri mpya ya chuma, inang'aa kama sahani ya harusi. Tukaifunga siku ile ile kwa skrubu 4 juu ya ubao wa sitaha. Kazi haikuchukua hata nusu saa, nasi tukajisifu.

Ulikuwa mwezi wa Julai, wakati wa kusi. Usiku wa tatu tulilala upande wa kaskazini wa kisiwa kimoja, ili kisiwa kitukinge na upepo. Baada ya usiku wa manane maji yalijaa, mawimbi yakaanza kupita juu ya mwamba uliokuwa ukitukinga, na upepo ukazidi. Nikasikia mlio kama wa jino linapong'olewa, kisha mashua ikatulia. Ilitulia kwa sababu haikushikwa na kitu tena. Mjomba aliamka kabla yangu. Hakusema neno. Alishika kamba ya nanga ya pili, akaizungusha mara mbili chini ya mlingoti, akafunga, akaitupa nanga. Ilishika tulipokuwa tumekaribia mwamba mwingine, karibu kiasi cha kusikia maji yakipumua katika matundu yake. Tulikuwa watu 4, na mmoja wetu hakujua kuogelea.

Asubuhi, maji yalipokupwa, tulirudi tukapiga mbizi, tukaiokota nanga ya kwanza. Mwisho wa kamba yake ilikuwapo makiri, na makiri ilikuwa bado imeshika kipande cha ubao wa sitaha. Chuma kilikuwa kizima. Skrubu zote 4 zilikuwa nzima. Kilichokatika ni ubao. Mjomba aliugeuza mkononi akaniambia, "Mwanangu, tulinunua mng'aro."

Basi, ndugu msomaji, kabla hujaenda dukani ingia kwanza chini ya sitaha yako na taa. Tazama kuna nini pale mahali unapotaka kuweka makiri. Ukiona ubao mtupu, jua kwamba makiri haitashika zaidi ya ubao huo. Ukiona mhimili, yaani ule mti mnene unaokingama kutoka ubavu mmoja wa mashua hadi wa pili, umepata mahali pazuri. Bisha kwa kisu. Ncha ikizama bila taabu, mti umeoza, nao uondolewe kabla ya jambo lingine lolote. Nimewaona watu wakiweka makiri mpya juu ya mti uliooza kwa sababu juu ulipakwa rangi.

Sasa tuitazame tofauti ya skrubu na bolti. Skrubu hushika nyuzi za mti zilizo jirani nayo tu. Makiri ikivutwa huku na huku usiku kucha, nyuzi hizo hulegea, maji huingia, na mti hulainika. Bolti hupita mti wote kutoka juu mpaka chini, na huko chini hukazwa kwa nati. Ili bolti ing'oke, lazima nati ipite katika mti wote. Lakini nati peke yake ni ndogo, nayo yaweza kujichimbia. Kwa hiyo weka chini ya sitaha ubao mwingine wa mti mgumu, kama mvule au msaji, unene wake inchi 1, nao uzidi kitako cha makiri kila upande kwa upana wa vidole vitatu au vinne. Nyuzi za ubao huo zikingame na nyuzi za ubao wa sitaha, ili bao hizo mbili zisipasuke pamoja. Kisha weka washa pana, ndipo nati. Hapo mvuto wa nanga hauendi tena kwenye matundu 4 madogo. Huenea kwenye ubao mzima na kwenye mihimili inayougusa.

Kama mashua yako ni ya faiba, jambo ni lile lile, tena kwa nguvu zaidi, maana sitaha ya faiba aghalabu ni nyembamba. Nyingine zina mbao laini katikati ya matabaka mawili ya faiba, na maji yakiingia katika tundu la bolti, mbao hizo huoza ndani pasipo kuonekana. Ziba kila tundu kwa gundi ya boti isiyopitisha maji. Mwenye mashua ya mbao anaweza kutumia pamba na lami, kama fundi wa kalafati atakavyomwonyesha.

Haya, sasa nenda dukani. Chukua kipande cha kamba yako ya nanga. Ukubwa wa makiri hutokana na unene wa kamba: urefu wa makiri, kutoka ncha ya pembe moja hadi ncha ya pembe ya pili, uwe yapata mara 16 ya unene wa kamba. Kamba ya milimita 12 inataka makiri ya sentimita 19 au 20. Pigeni hesabu hiyo wenyewe: 12 mara 16 ni ngapi? Muuzaji atakuonyesha iliyo ndogo kwa sababu ni rahisi, lakini kamba haitakaa vizuri, itarundikana, na usiku hutaweza kuifungua upesi.

Juu ya madini, sikilizeni vizuri. Chuma cha kawaida huliwa na kutu, na kutu yake huharibu mbao zinazokizunguka. Chuma kilichochovywa katika zinki hudumu miaka kadhaa, nacho ni cha bei nafuu. Chuma kisichoshika kutu ni kizuri, ila ni ghali. Shaba iliyochanganywa na bati ni nzuri sana baharini. Lakini jihadhari na shaba ya manjano, ile ya vitasa vya milango. Imechanganywa na zinki, na maji ya chumvi hula zinki hiyo polepole. Inayobaki ina rangi ya waridi, nayo huvunjika kama biskuti. Kwa macho utadhani bado ni bolti.

Tena msichanganye madini. Madini mawili mbalimbali yakigusana katika maji ya chumvi, moja humla mwenzake. Ukifunga makiri ya chuma cha zinki kwa bolti za shaba, makiri ndiyo itakayoliwa. Nunua makiri, bolti, nati na washa za namna moja. Kama fedha hazitoshi, makiri ya mti mgumu iliyochongwa na fundi wa kwenu, ikafungwa kwa bolti nzuri, ni bora kuliko ya chuma kinachong'aa iliyofungwa kwa skrubu. Mimi mwenyewe ningechagua ya mti.

Iwe fupi. Mnajua wote jinsi ya kung'oa muhogo. Ukiwa na shina refu, hulitikisa huku na huku na muhogo hutoka. Shina likikatwa karibu na ardhi, unatoa jasho. Makiri ni hivyo hivyo. Kamba ikivuta juu, mbali na sitaha, huitikisa kama shina refu. Ikivuta chini, karibu na kitako, huwa inataka kuisukuma tu, na bolti hustahimili.

Kwa sababu hiyo kamba isitoke katika makiri ikaenda ovyo. Ipite kwanza katika kipitishio kilichowekwa mbele kabisa, karibu na hanamu, ule mti unaopasua maji, nayo ilale sawasawa toka kipitishio hadi makiri. Kipitishio kiwe laini na kingo zake ziwe mviringo. Pitisha kidole, kikikwaruzwa, kamba nayo itakwaruzwa, tena maelfu ya mara katika usiku mmoja. Watu wengi hufunga vizuri wakapotewa na chombo kwa sababu kamba ilisagwa na ukingo wa ubao. Kipande cha bomba la mpira kilichopasuliwa na kuvikwa kamba pale inapogusa, bei yake ni ndogo mno. Mwenye mnyororo aweke roda, nayo iwe na kuta mbili na pini ya kupita juu, mnyororo usiruke nje mashua inapoinama na kuinuka. Bolti za roda nazo zipite mpaka chini.

Mtasema, mbona makiri ya jirani haina haya yote na haijang'oka? Labda hajapata usiku wake. Upepo ukizidi mara mbili, nguvu yake juu ya chombo haizidi mara mbili, bali mara 4. Na siku injini itakapozimika ukavutwa na mashua nyingine, kamba itafungwa pale pale omoni. Siku hiyo asisimame mtu katika njia ya kamba. Ikikatika hurudi kwa kishindo, na makiri iliyong'oka huruka nayo.

Bado jambo moja lisaidialo makiri bila kununua kitu, nalo ni urefu wa kamba. Kamba fupi huvuta kwenda juu, nanga huinuka, na mashua hugutuka kila wimbi. Tupige hesabu kwa pima, maana ndicho kipimo cha wavuvi. Pima 1 ni futi 6. Umetia nanga maji yakiwa yamekupwa, na kina ni pima 2. Wakati wa bamvua, katika Unguja na Dar es Salaam, maji huweza kupanda kukaribia mita 4, yaani zaidi kidogo ya pima 2. Kutoka juu ya maji hadi omo ni nusu pima. Jumla ni karibu pima 5. Toa kamba mara 5 ya hiyo: pima 25. Kukiwa na upepo mkali toa mara 7: pima 35. Mjomba wangu usiku ule alikuwa ametoa pima 10.

Namna ya kufunga ninyi mnaijua mikononi, lakini sasa mnaweza pia kuiandika. Zungusha kamba mara moja kamili kwenye kitako cha makiri, chini ya pembe zote mbili. Kisha ipitishe juu, toka pembe hii kwenda ile, kwa kukingamanisha, kama unavyoandika nambari 8. Fanya hivyo mara mbili au tatu, na mara ya mwisho geuza kamba ili ijibane yenyewe. Usirundike mizunguko mingi, kwa maana siku ya hatari utataka kufungua gizani kwa mkono mmoja.

Sasa fungueni madaftari. Andikeni nambari 8 mara kumi, kila mmoja. Kisha mwenye mashua aandike majibu ya maswali haya, na asiye na mashua amsaidie jirani yake: Kamba yako ya nanga ina unene gani? Makiri yako ina urefu gani? Imefungwa kwa skrubu au kwa bolti? Swali la tatu msilijibu darasani. Nendeni pwani na taa, mwingie chini ya sitaha, mtazame, ndipo mrudi kuandika.