Hesabu Kabla ya Mchango



Sisi wa Tunduma tumepata somo la fedha ambalo wenzetu wa Dar es Salaam hawakulipata. Tarehe 1 Januari 2013 Zambia iliondoa sifuri tatu katika kwacha yake. Aliyelala Nakonde akiwa na milioni moja aliamka na elfu moja, na gunia lake la mahindi likabaki gunia lile lile.

Lakini hasa nimekuja kusema juu ya daftari. Wakati wa Diwali wafanyabiashara wa Kigujarati hufungua daftari mpya za hesabu mbele ya Lakshmi, na ukurasa wa kwanza huandikwa “Shubh Labh”, yaani heri na faida. Angalieni mpangilio: heri imetangulia. Basi mtu ataletaje mchango mkubwa, jina lake lisomwe kwa sauti, ilhali mpakiaji wa mizigo yake anadai ujira wa miezi miwili? Naiomba kamati, kabla ya kupokea ahadi za mwaka huu, imtake kila mmoja wetu awalipe kwanza wafanyakazi wake, hata kama ukuta wa ua utachelewa.