Pikipiki ya Kwenda Kazini na Bima ya Kumwonyesha Trafiki

Leo nazungumza na wewe uliyenunua pikipiki ya kukupeleka kazini na kukurudisha nyumbani, si ya kubebea abiria. Mko wengi sasa hapa Dar es Salaam. Unakaa Tabata, Sinza au Buza, na kazi yako iko Kariakoo, Posta, au viwandani kule Barabara ya Nyerere. Daladala za asubuhi unazijua zinavyojaa. Vituo vya mwendokasi unavijua. Na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi mamlaka ya nishati na maji, EWURA, ikitangaza bei za mafuta, mwenye gari anakaa chini na kupiga hesabu upya. Na wewe ulipiga hesabu, ukachukua pikipiki, mwenzako akachukua skuta. Uamuzi huo nauheshimu kabisa.

Ninachokilalamikia ni namna tunavyoikatia bima. Wengi wetu tunaikata kwa ajili ya trafiki. Tunataka tukisimamishwa pale Buguruni au Mwenge, askari aingize namba ya pikipiki kwenye simu yake, aone bima ipo, aturuhusu tuendelee. Baada ya hapo hatuna habari nayo mpaka mwaka uishe. Ukimuuliza mtu bima yake inalipa nini na inamlipa nani, atakujibu: mimi mwenyewe naenda hapa hapa tu, siendi mbali.

Hapa hapa tu. Neno hilo ndilo linalonitia hofu. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, haiulizi kilomita. Inauliza kama chombo chako cha moto kiko barabarani, na kama kipo, inataka kiwe na bima ya kumlinda mtu unayeweza kumuumiza au kumuua. Mtu huyo hayuko mbali. Yuko kwenye kivuko cha Manzese, yuko mlangoni mwa shule, yuko pembeni ya barabara anapanga vitumbua vyake saa kumi na mbili asubuhi. Safari fupi ya mjini ndiyo yenye makutano mengi, bajaji nyingi zinazochomoza bila taarifa, na watoto wengi wanaokatiza barabara. Kwenye barabara kuu ya mkoani unaweza kwenda muda mrefu bila kukutana na mtembea kwa miguu. Ukitoka Tabata Relini kwenda Kariakoo, utawapita kwa mamia.

Sasa tufike kwa wakala. Unamkuta kwenye kibanda karibu na kituo cha mafuta, mwamvuli, meza, simu na kompyuta ndogo. Unampa kadi ya pikipiki na namba ya kitambulisho. Anakuuliza swali moja, haraka haraka, macho yakiwa kwenye kioo cha simu: binafsi au biashara? Unajibu binafsi, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndiyo nafuu. Unalipa, pamoja na VAT, unapata ujumbe kwenye simu, unaondoka. Yote yamechukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Lakini swali lile la maneno matatu ndilo lililobeba mkataba mzima, na hakuna aliyekueleza.

Binafsi maana yake pikipiki inakuhudumia wewe katika mambo yako: kazini, sokoni, msibani, kanisani au msikitini. Siku unapobeba mtu akakulipa, umeingia kwenye biashara. Na mambo ya mjini mnayajua. Mshahara ukichelewa, jioni unapita kituoni, dada mmoja anauliza kama unaelekea Segerea, unamwambia panda, anakupa elfu mbili. Pikipiki yako ina namba ya njano ya chombo binafsi, bima yako imeandikwa binafsi, na nyuma yako ameketi abiria wa kulipia. Likitokea la kutokea, kampuni ina haki ya kusema matumizi haya hatukuyakubali. Inaweza kukataa dai, au ikalipa kisha ikakugeukia wewe uirudishie. Elfu mbili ile inaweza kukugharimu kiwanja chako cha Chanika.

Vipi kuhusu mfanyakazi mwenzako unayempitia kila asubuhi, naye kila Ijumaa anachangia mafuta? Nawasihi msikisie. Iulizeni kampuni, na jibu lije kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu. Jibu la wakala la mdomo, tena la kukuharakisha ulipe, halitakusaidia mbele ya mtu wa madai.

Na huyo mwenzako anayekaa nyuma, hata kama hakuchangii senti, usidhani yumo kwenye bima moja kwa moja. Sura ya 169, inapoeleza bima ya lazima ni lazima imlinde nani, imewaweka kando watu wanaobebwa kwenye chombo kisichobeba abiria wa kulipia. Kama mke wako anayepanda nyuma kila siku mpaka Ilala yumo, yumo kwa sababu kampuni imekubali kumwandika. Kwangu mimi hili ni jambo zito. Mtu uliye karibu naye kuliko wote barabarani, anayekushika kiuno, ndiye anayeweza kuwa hana bima. Uliza kabla hujalipa: abiria wangu wa nyuma yumo? Kama hayumo, uliza kumwongeza ni shilingi ngapi.

Wewe dereva mwenyewe, katika bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, humo. Ukivunjika mguu, bima hiyo haikulipi. Pikipiki ikipinda, haiitengenezi. Wengi wanalijua hili siku wanapolala wodini pale MOI, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ndugu wanapoambiwa bei ya vyuma vya kuungia mfupa. Kwa hilo kuna bima ya afya, na kuna bima ya ajali binafsi inayokulipa ukipata ulemavu au kuilipa familia ukifariki. Ukiwa na bima ndogo pekee, nakuomba bima ya afya usiiache.

Nizungumzie pia leseni, maana hapa wenye magari ndio wanaoanguka zaidi. Mtu ameendesha gari miaka mingi, leseni yake iko safi, anaona pikipiki ni kitu kidogo. Pikipiki ina daraja lake, katika kundi A. Kama leseni yako haina daraja hilo, unaendesha chombo usichoruhusiwa, na sharti la leseni halali limo karibu katika kila mkataba wa bima ya chombo cha moto. Umelipia bima, kisha ukaitoboa mwenyewe. Vivyo hivyo kwa anayempa mdogo wake asiye na leseni funguo akanunue mkate.

Ila jambo linaloumiza watu wengi kuliko yote haya ni lile tunaloliita kuyamaliza.

Umemgonga mtu, tuseme yule mama anayepanga vitumbua. Hakufa, mguu unamuuma, anaweza kukaa. Watu wamejaa. Sauti zinapanda. Unaogopa kupigwa, unaogopa pikipiki kuchomwa moto, na hofu hiyo si ya kijinga, tumeyaona. Anatokea mzee mwenye hekima anasema jamani, wote ni Watanzania, yamalizeni. Unatoa elfu hamsini, unaandika kwenye karatasi ya daftari kwamba wewe ndiye mwenye kosa na utamtibu mpaka apone, mnashikana mikono. Polisi hawakuja. Kampuni haikupigiwa.

Wiki zinapita. Mguu unavimba, picha inaonyesha mfupa umevunjika, anahitaji upasuaji. Familia inakuja mlangoni kwako na ile karatasi. Sasa ndipo unaikumbuka bima. Unaipigia kampuni, nao wanauliza ripoti ya polisi, ramani ya ajali, fomu ya polisi ya PF3 ya majeruhi. Hakuna hata kimoja. Wanauliza kwa nini uliahidi kulipa bila wao kujua, maana mkataba wako unakukataza. Hapo mnaoumia ni wawili: wewe, na yule mama wa vitumbua ambaye sheria ilitungwa kwa ajili yake. Kulikuwa na fedha za kumtibu, ada ilikwishalipwa, na njia ya kuzifikia tuliifunga wenyewe kwa kuyamaliza.

Sisemi usiwe na utu. Mpe pole, mpeleke hospitali, toa nauli, mnunulie maji. Huruma haivunji mkataba. Usichotakiwa kufanya ni kuahidi fidia au kuweka sahihi kwamba kosa ni lako. Kama kundi lina hasira, nenda kituo cha polisi kilicho karibu ukaripoti kutokea huko. Piga picha, chukua majina na simu za walioona, na ipigie kampuni siku hiyo hiyo.

Bima kubwa, ile inayolipia hata pikipiki yako mwenyewe, nitaigusa kidogo tu. Inafaa kama pikipiki ni mpya, au imetoka kwa mkopo, au unaiegesha barabarani mchana kutwa pale Kariakoo ambako wezi hawalali. Jueni tu kwamba ikiibwa, kipimo ni thamani yake ya siku ilipopotea, si bei uliyoinunulia. Kuiandikisha kwa bei kubwa kunaongeza ada na hakukuongezei malipo.

Sasa niwageukie wenye dhamana. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, imefanya kazi ya maana kuweka mfumo wa kielektroniki, TIRAMIS, ambao mtu yeyote anaweza kuhakiki bima yake kwa simu. Stika za kughushi zilitutesa sana. Nawapongeza. Lakini mfumo unaniambia bima ipo. Hauniambii kwa lugha ninayoielewa imebeba nini. Karatasi nyingi za bima zinazonifikia mkononi zimeandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mahakamani, na mnunuzi ni fundi wa AC, ni muuguzi, ni mlinzi wa usiku, ni mtu anayeishi maisha yake yote kwa Kiswahili. Naiomba TIRA iyalazimishe makampuni kuutuma ule ujumbe wa simu ukiwa na mistari minne ya Kiswahili: chombo kimeruhusiwa matumizi gani, abiria wa nyuma yumo au hayumo, dereva awe na leseni ya daraja gani, na ukipata ajali upige namba ipi. Mistari hiyo minne haina gharama ya kumshinda yeyote.

Na kampuni ikikukatalia dai huku unaamini una haki, usiende nyumbani kulia. Andika malalamiko kwa kampuni. Ukikwama, iko Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya mwaka 2009, kwa ajili ya mtu kama wewe.

Leo ukifika kazini, kabla hujaingia ndani, vua kofia ngumu, toa simu, mpigie wakala wako. Muulize pikipiki yangu imeandikwa matumizi gani, na anayekaa nyuma yangu yumo? Akikosa jibu, ipigie kampuni yenyewe, na jibu waombe wakutumie kwa maandishi.