Kadi ya Kugusisha na Ufunguo Wake



Kadi unayoigusisha kwenye mashine ya nauli au kwenye mlango wa ofisi haina betri. Ndani yake mna chipu ndogo na waya mwembamba uliozungushwa kandokando. Ukiisogeza karibu na mashine, mawimbi ya redio yatokayo humo ndiyo yanayoipa chipu nguvu ya kujibu. Kwa hiyo kadi yaweza kumjibu yeyote mwenye mashine inayofaa, nawe huna habari. Kinachomzuia asiyestahili ni ufunguo wa siri uliomo ndani ya chipu.

Je, ufunguo huo ni madhubuti? Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, mjini Nijmegen, Uholanzi, walionyesha kwamba kadi za Mifare Classic, zilizokuwa zikitumika wakati huo katika usafiri wa London, zaweza kunakiliwa. Ufunguo wake ulikuwa na urefu wa biti 48 tu, na kanuni ya kuficha taarifa ilifanywa siri, wataalamu wa nje wasiikague. Watafiti waliiarifu serikali na mtengenezaji kwanza. Hata hivyo kampuni ya NXP, iliyotengeneza chipu hizo, ilikwenda mahakamani ili utafiti usichapishwe. Mwezi Julai mwaka huohuo mahakama ya Arnhem ilikataa ombi hilo. Kwa maoni yangu ilitenda haki, kwani anayepata hasara kufuli likiwa bovu ni mwenye nyumba, naye alistahili kuambiwa.

Kwa macho huwezi kuitambua kadi imara na iliyo dhaifu, mwulize aliyekupa. Mwulize pia kama salio lako limeandikwa ndani ya kadi peke yake au limehifadhiwa pia kwenye kompyuta zake. Likiwa kwenye kompyuta, kadi bandia hugundulika upesi zaidi, na iliyopotea yaweza kufungwa, mradi uliiandikisha kwa jina lako. (Kadi ya benki ni jambo jingine, ulinzi wake umejengwa kwa namna tofauti.)

Usiweke salio kubwa kuliko mahitaji yako ya siku chache, na risiti uzitunze. Ukiona makato usiyoyatambua, mwandikie mtoa huduma barua, ubaki na nakala. Asipokujibu, tuletee nakala hiyo pamoja na risiti zako.