AKINA MAMA WENYE BIASHARA NDOGO NDOGO NA UTUNZAJI WA HESABU

(Hotuba iliyotolewa katika semina ya makatibu wa vyama na wanachama)



Nimeombwa nizungumze juu ya matatizo ya hesabu yanayowapata akina mama wenye biashara ndogo ndogo, na namna wanavyoyakabili. Kabla ya kuwa mwalimu wa uwekaji hesabu nilikuwa katibu wa chama cha akiba na mikopo. Kwa hiyo mengi nitakayoyasema nimeyaona kwa macho yangu, na kosa moja kubwa nitakalolitaja nililitenda mwenyewe.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii twaitaja katika kila semina, na mara nyingi twaitaja kwa kulaumu: mama fulani mtaji wake umekwisha, basi ni kwa sababu hana daftari, au hajui hesabu. Mimi nadai kwamba akina mama wetu hesabu wanazijua. Mama anayepika wali wa watu arobaini na kujua bila mizani ni mchele kiasi gani utamtosha, hakosi akili ya hesabu. Tatizo liko mahali pengine, nalo ni hili: fedha za biashara na fedha za nyumba hukaa katika mkoba mmoja, na kile kinachotoka mkobani kwenda nyumbani hakiandikwi.

Ndugu wanachama, niruhusuni nieleze kosa langu.

Miaka mingi iliyopita alifika mbele ya kamati yetu mama mmoja mwenye banda la chakula karibu na stendi ya mabasi. Aliomba mkopo wa kununulia masufuria na meza. Daftari alikuwa nalo, na kila siku alikuwa ameandika alichouza na alichonunua. Mimi katibu nilimwuliza swali moja tu: mwezi ulipoanza ulikuwa na fedha kiasi gani, na leo unazo kiasi gani? Alipojibu, nikaona mtaji umepungua zaidi ya nusu. Nikaiambia kamati kwamba biashara ile ina hasara, na mkopo ukakataliwa. Mama yule hakubishana. Aliamini kwamba katibu, mtu wa kalamu na karatasi, ndiye ajuaye. Haukupita muda mrefu akafunga banda.

Nililitazama kopo la fedha, daftari sikulisoma. Ningalilisoma, ningaliona kwamba biashara ile ilikuwa na faida.

Tarakimu zake sitazitoa, maana hesabu ya mwanachama ni siri yake. Lakini tuchukue mfano unaofanana nao, kwa bei zinazokaribia za siku hizi. Mama lishe aanza mwezi akiwa na Sh. 200,000/= taslimu. Afanya kazi siku 26. Hakopeshi mtu, na mwisho wa mwezi hana chakula kilichobaki. Hesabu yake ni hii:

Mauzo, Sh. 60,000/= kwa siku: 1,560,000/=
Mchele, unga, maharage, mafuta na mkaa, Sh. 42,000/= kwa siku: 1,092,000/=
Ujira wa msaidizi, Sh. 5,000/= kwa siku: 130,000/=
Kodi ya banda na ushuru: 60,000/=
Jumla ya gharama: 1,282,000/=
Ziada: 278,000/=

Alianza na Sh. 200,000/=, biashara ikamzalishia Sh. 278,000/=. Kwa hiyo ilimpasa awe na Sh. 478,000/=. Lakini anapofungua kopo anakuta Sh. 90,000/= tu. Yeye asema, “Biashara imenitia hasara.” Mume wake asema hivyo hivyo, na katibu wa chama naye asema hivyo hivyo. Wote watatu wamekosea. Sh. 388,000/= zilitoka koponi kwenda nyumbani: sare ya shule, dawa ya mtoto, mchango wa msiba, nauli ya mgeni, mafuta ya taa, kiberiti. Biashara imeilisha nyumba mwezi mzima, na nyumba imekula faida yote ya Sh. 278,000/=, kisha ikala na mtaji Sh. 110,000/= juu yake.

Tofauti ya maneno haya mawili ni kubwa. Kama biashara ina hasara, dawa yake ni kuibadili au kuifunga. Lakini kama biashara ina faida na nyumba ndiyo inayozidisha matumizi, kuifunga ni kuikata mikono ile inayoilisha nyumba. Mama yule wa stendi alikata mikono hiyo kwa ushauri wangu.

Kwa nini jambo hili huwapata zaidi akina mama? Hali hii haitokani na uzembe. Mtoto anapougua usiku, fedha iliyo karibu ni ile ya mama. Majirani wanapochanga, mlango unaobishwa ni wa mama. Tena yapo matumizi yasiyoonekana kuwa fedha. Mwenye banda hupeleka nyumbani sahani tatu za wali kila jioni, na mwenye duka huchukua sabuni na sukari rafuni. Vitu hivyo vilinunuliwa kwa mtaji, navyo ni sawa na fedha iliyotolewa.

Siku hizi umeongezeka mchanganyiko mwingine, nao ni simu. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008, kopo la fedha limehamia mkononi. Katika laini moja huingia malipo ya mteja, fedha aliyotuma mtoto aliyeko mjini, na mchango wa harusi ambao mama ni mweka hazina wake. Salio husomeka kubwa, naye hudhani ni mauzo. Wengine husema kwamba ujumbe wa simu watosha kuwa daftari. Ujumbe waeleza kiasi, jina na saa, lakini hauelezi kama ile ilikuwa fedha ya biashara au ya nyumba. Aidha, makato ya kutuma na kutoa ni gharama, nayo yaandikwe.

Akina mama wenyewe wanalikabilije jambo hili? Wapo ambao wamekwisha kulitafutia dawa bila kufundishwa na mtu. Nimemwona muuza samaki anayefunga fedha ya mtaji katika pindo moja la kanga, na ya matumizi katika pindo la pili, na pindo la kwanza halifunguliwi ila alfajiri sokoni. Nimemwona mwenye genge mwenye makopo matatu: la kununulia mali, la nyumba, na la rejesho la mkopo. Wataalamu wangeweza kucheka. Lakini mwaka 2014 wataalamu watatu, Alejandro Drexler, Greg Fischer na Antoinette Schoar, walitangaza matokeo ya utafiti uliofanywa katika Jamhuri ya Dominika miongoni mwa wakopaji zaidi ya elfu moja wa benki ya ADOPEM, wengi wao wanawake. Kundi moja lilifundishwa uwekaji hesabu wa kawaida. Kundi la pili lilifundishwa kanuni chache nyepesi, mojawapo ikiwa kuweka fedha za biashara na za nyumba katika droo mbili, na kutohamisha fedha kutoka droo moja hadi nyingine bila kuandika kikaratasi cha deni. Kundi la kanuni nyepesi ndilo lililoonyesha maendeleo ya kuonekana katika kutunza hesabu. Muuza samaki wetu na pindo zake mbili hakuwa mbali na elimu.

Wala kutojua kusoma kusiwe kizuizi. Vikundi vya akiba na mikopo vya vijijini, vile ambavyo kwetu vimezaa VICOBA, vilianzia nchini Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, miongoni mwa wanawake ambao wengi wao hawakujua kusoma. Walitunza hesabu kwa kumbukumbu: kila mmoja alisikia mbele ya wote ni kiasi gani kimeingia na kiasi gani kimetoka. Baadaye vikundi vya namna hiyo katika nchi nyingi vikatumia vijitabu vya kugongwa mhuri, mhuri mmoja kwa hisa moja. Basi mama asiyesoma aweza kuhesabu nyumba yake kwa punje za maharage: kila Sh. 1,000/= iendayo nyumbani, punje moja ndani ya chupa. Mwisho wa mwezi punje zihesabiwe, na mwanawe aliye shuleni aandike jumla.

Kwa hiyo, akina mama, nawaomba mshike mambo manne.

Kwanza, ongezeni safu moja katika daftari. Wengi mna safu ya mauzo na safu ya manunuzi. Ya tatu iitwe “Nyumbani.” Humo iingie kila shilingi na kila kitu kilichotoka kwenda nyumbani, hata sahani ya wali, kwa bei mliyokinunulia vifaa vyake.

Pili, jilipeni ujira. Katika mfano wetu, mama yule akijilipa Sh. 8,000/= kwa siku, kwa siku 26 atapata Sh. 208,000/=. Zitabaki Sh. 70,000/= za kukuza mtaji. Ujira huo ndio wa nyumba. Ukipungukiwa, mzungumze nyumbani kama watu wazima. Biashara isilipe kimya kimya. Siku ya ugonjwa mtachukua zaidi, na hakuna atakayewalaumu, lakini kiandikwe kuwa nyumba inadaiwa na biashara.

Tatu, andikeni siku hiyo hiyo, kabla ya kulala. Kinachoachwa hadi Jumamosi huandikwa kwa kubahatisha.

Nne, wadaiwa waandikwe peke yao. Aliyekula kwa deni hajaleta fedha, na deni lisilolipwa si faida. Mwajua wenyewe: kukopa harusi, kulipa matanga.

Sasa nageukia ndugu zangu makatibu, maana nusu ya jambo hili iko juu yetu. Chama chetu kina mhasibu, kina kamati, na hesabu zake hukaguliwa. Biashara ya mwanachama haina mkaguzi ila yeye mwenyewe, na mara moja moja sisi, siku anapoomba mkopo. Siku hiyo tusiulize tu “una fedha kiasi gani leo.” Tulisome daftari la miezi mitatu, na tupige hesabu mbili mbali mbali: biashara imezalisha nini, na nyumba imechukua nini. Kiasi cha rejesho kipimwe kwa kile kinachobaki baada ya mwanachama kujilipa ujira. Tukipima kwa ziada nzima, kana kwamba mkopaji hali wala havai, twamlazimisha alipe rejesho kwa mtaji, kisha twamwita mdaiwa sugu.

Aidha, daftari la penseli lenye mafuta ya kupikia likubalike mezani. Likiwa limeandikwa kila siku, ni ushahidi bora kuliko karatasi safi iliyoandikwa jana kwa ajili yetu.

Na jambo la mwisho, ambalo ni zito. Wapo akina mama wasioandika kwa sababu wanaogopa. Ikijulikana nyumbani kwamba kopo lina kitu, kitu hicho hupata mwenyewe mpya. Mwanamke wa namna hiyo hunyamaza, hasemi kwenye mkutano. Twaweza kumsaidia kwa namna mbili: kumwekea akiba yake chamani kwa jina lake, na kufunga midomo yetu. Katibu anayetaja hesabu ya mwanachama kilabuni au msikitini au kanisani, huyo amefunga madaftari ya wanawake wa kijiji kizima.

Ndugu Mwenyekiti, mama wa banda la chakula nilionana naye tena sokoni, baada ya miaka. Alikuwa akifanya kibarua katika banda la mtu mwingine. Alinisalimu kwa heshima, akaniita katibu ingawa nilikwisha kuacha kazi hiyo. Nilimweleza kwamba nilikosea, kwamba biashara yake ilikuwa na faida. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Nilijua. Watoto walikuwa wanasoma.”

Alikuwa na hesabu kamili, tena sahihi kuliko yangu, ila haikuwa imeandikwa mahali ambapo katibu angeweza kuiona. Nawaombeni, ndugu makatibu, mtakaporudi vyamani kwenu mchore ile safu ya tatu katika daftari la kila mama anayefika mezani.