Wakishapata Kipaimara Huenda Wapi?

(Haya ni mazungumzo ya katekista wa kigango kimoja cha upande wa Msambweni, mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.)



Akina mama na akina baba, wenyekiti, makatibu na waweka hazina wa vikundi, nashukuru kupewa nafasi hii. Najua mmekuja kwa habari ya mikopo na miche ya korosho, na mimi nimepenyezwa hapo katikati. Sitawachelewesha, lakini nina jambo la kuwaomba, na ombi lenyewe nitalisema mwisho ili msiniondokee mapema.

Watoto wa Komunyo ya Kwanza hawanipi shida. Shida yangu ni hawa wakubwa, wa miaka 16 mpaka 19. Siku ya Kipaimara Baba Askofu anakuja, kanisa linajaa, tunapika pilau, tunapiga picha. Jumapili inayofuata, ukitazama yale mabenchi ya nyuma, wengi hawapo. Mwaka ukipita unawakuta kwenye steji ya boda boda Ukunda, au kule bichi Diani, au usiku kwenye disko matanga. Halafu sisi wazee tunakaa chini ya mwembe tunasema, vijana wa siku hizi wameharibika.

Nami nilikuwa nikisema hivyohivyo. Kulikuwa na kijana mmoja wa miaka 17 darasani kwangu, mtulivu, msomaji. Siku moja akaniuliza, "Mwalimu, rafiki zangu shuleni wananiuliza, ikiwa Yesu ni Mungu na alikufa, basi Mungu alikufa? Nani alikuwa anaendesha dunia siku zile tatu?" Wenzake wakacheka. Mimi nikaona ananijaribu. Nikamwambia hayo ni mafumbo, asiulize maswali ya Shetani, na nikamtoa nje. Hakurudi. Nilikuja kupanda pikipiki yake miaka miwili baadaye. Alinisalimia kwa heshima, akanipunguzia nauli. Habari ya kanisa hakuitaja, na mimi nilikosa uso wa kumwuliza.

Jamani, lile halikuwa swali la Shetani. Hapa Kwale lilikuwa swali la kila siku. Sisi Wakatoliki hapa ni wachache. Wengine tuliletwa na kazi za hoteli, wengine wazazi wetu walikuja kufanya kazi kiwanda cha sukari cha Ramisi kabla hakijafungwa mwaka 1988, wengine ni Wakamba wa kule Shimba Hills, wengine ni wenyeji, Waduruma hasa. Mtoto wetu anakaa dawati moja na Mwislamu, wanacheza mpira pamoja, wanakula pamoja Idi na Krismasi. Yule mwenzake amekwenda chuoni tangu akiwa mdogo, siku nyingi za juma, anaijua dini yake na anaweza kuisema. Wetu amesoma na mimi Jumamosi alasiri, akakariri majibu, na akishapakwa mafuta tunamwambia amemaliza. Amemaliza nini? Hapo ndipo maswali yanapoanza!

Basi nikabadilisha. Kwanza nilihamisha siku, maana Jumamosi wengine wako zamu hotelini na wa pikipiki ndio wakati wao wa kupata pesa. Tunakutana Jumapili baada ya Misa, nje, kivulini. Pili, niliweka kopo tupu la maziwa ya unga. Kila mmoja anaandika swali kwenye karatasi bila jina, anatia ndani. Ninasoma yote, hata yale ya kuniaibisha. Nisilolijua nasema sijui, nampelekea Padre, na Jumapili ijayo naleta jibu. Mwanzoni niliona haya sana kusema sijui mbele ya vijana. Sasa nimezoea.

Hebu niwape machache, msikie wenyewe.

Swali la kwanza kutoka kwenye kopo lilikuwa lile lile la yule kijana, kwa maneno mengine. Jibu nililopewa na Padre ni hili: Mwana wa Mungu alijitwalia ubinadamu wetu. Alikufa kweli, kwa ubinadamu ule alioutwaa. Umungu haufi, na dunia haikukosa mwenyewe hata saa moja. Na juu ya miungu watatu, Kanuni ya Imani tunayoisali kila Jumapili inaanza kwa kumkiri Mungu mmoja. Kijana akishika hayo mawili anaweza kujibu kwa upole bila kupiga kelele. Tena nawaambia wasimdharau anayewauliza. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la 1965 kuhusu dini nyingine, ulisema Kanisa linawaheshimu Waislamu, wanaomwabudu Mungu mmoja na kumheshimu Mama Maria. Korani yenyewe ina sura nzima, ya 19, inayoitwa Maryam. Vijana hawakujua hilo, na wazazi wengi hapa naona hamkujua pia.

Swali jingine: "Nikimpenda Mwislamu nifanyeje?" Zamani ningepiga meza. Sasa nawaeleza sheria ilivyo, kwamba ndoa ya Mkatoliki na asiyebatizwa inahitaji ruhusa ya Askofu kabla ya kufungwa, na yule Mkatoliki anaahidi kuilinda imani yake na kufanya kila awezalo ili watoto wabatizwe. Halafu tunazungumza ukweli: ukoo wa upande wa pili utasemaje? Watoto watazikwa wapi? Jina gani? Ni afadhali waulize haya wakiwa na miaka 18 kivulini kuliko wakiwa na mimba.

La tatu, la kazi: "Hoteli inanipanga Jumapili asubuhi, je, natenda dhambi?" Huyu alikuwa amekaa miezi bila kuingia kanisani akidhani amekwisha kupotea. Nikamwambia Misa ya Jumamosi jioni inahesabika ya Jumapili, na mwenye kazi ya lazima asiyoweza kuikwepa hahukumiwi, mradi asizoee kumsahau Mungu. Neno dogo tu, na angelipata mapema asingekaa nje.

Sasa nakuja kwenye jambo zito. Naomba akina mama mnisamehe.

Mwaka 2006 UNICEF pamoja na Serikali ya Kenya walitoa ripoti juu ya watoto wanaotumiwa na watalii na wenyeji kwa tamaa huko Pwani, na Diani ilikuwemo. Haikuwa habari ngeni kwetu. Ndani ya kopo langu kulikuwa na karatasi moja, mwandiko wa msichana. Ameandika kwamba anajua amri ya sita, lakini pesa anazopewa na mzee mmoja mgeni ndizo zinazolipa karo ya mdogo wake, na mama anazipokea na hamwulizi zimetoka wapi. "Mwalimu," ameandika, "nani anatenda dhambi hapo?"

Sikulala. Nimemfundisha amri kumi kwa mpangilio, anazitaja bila kukosea. Na nyumbani anaona watu wazima, Wakatoliki wa Misa ya kwanza, wanaokula wali wa pesa ile na kunyamaza.

Mnaijua Fort Jesus, pale ng'ambo ya feri ya Likoni. Watoto wetu hupelekwa kuitazama na shule. Kuna mtu mmoja wa pale nataka mmfikirie. Yusuf bin Hasan alikuwa mtoto wa mfalme wa Mombasa. Mwaka 1614 baba yake aliuawa kwa njama ya Wareno, naye alikuwa mtoto wa kama miaka saba. Wareno hao hao wakamchukua mpaka Goa, India, wakamlea. Watawa Waagostino wakamfundisha dini, akabatizwa Jerónimo, akakua kijana wa Kikristo mwenye elimu. Wakamrudisha Mombasa awe mfalme. Basi huko nahodha wa ngome akamfanyia dharau juu ya dharau, na watu wakamwona akienda usiku kuomba kwenye kaburi la baba yake. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamwua nahodha, na siku zilizofuata wakauawa Wakristo wengi waliokataa kuiacha imani, Wareno kwa Waafrika. Kanisa linawakumbuka kuwa Wafiadini wa Mombasa.

Wengine huisimulia hadithi hii ili kuwasema majirani. Mimi naisimulia kwa ajili yetu sisi walimu. Damu ile ya wasio na hatia siitetei hata kidogo. Lakini yule kijana hakukosa mafundisho. Alifundishwa miaka mingi na watu wenye elimu kuliko mimi. Alichofundishwa kwa maneno ni upendo, na alichokiona kwa macho ni kwamba waliomfundisha ni ndugu za waliomwua baba yake, na hakuna aliyemwomba msamaha. Kichwani alibeba katekisimu, moyoni alibeba kaburi.

Kwa hiyo karatasi ya yule binti sikuijibu darasani. Nilikwenda kwa Padre, na kwa akina mama wawili wa jumuiya ninaowaamini, bila kutafuta ni nani. Wakakubaliana waanze na karo, kwa watoto wote wenye shida, bila kuuliza nyumba ya nani. Michango ilikuwa midogo, mayai na nazi, lakini karo ya watoto wanne ilipatikana muhula ule. Kama wa kwake alikuwamo sijui. Karatasi nyingine ya mwandiko ule sijaiona.

Hapo ndipo ninyi mnapoingia. Kule Uganda wamisionari waliondoka Buganda mwaka 1882, hawakurudi mpaka 1885. Waliobaki kuwafundisha wenzao ni waumini wenyewe, watu wa kazi kule ikulu. Karoli Lwanga, aliyekuwa na miaka kama 25, alikuwa mkubwa wa vijana wahudumu; ndiye aliyewalinda na tamaa za mfalme, na ndiye aliyembatiza Kizito mwenye miaka kama 14, siku chache kabla ya kuchomwa moto Namugongo, tarehe 3 Juni 1886. Vijana wale waliona mkubwa anayesimama mbele yao mwenyewe.

Ombi langu basi. Kila kikundi kichukue vijana wawili wa darasa langu. Msiwape kazi ya kupanga viti na kuchota maji, hiyo wanaijua. Mmoja ashike daftari la hesabu pamoja na mweka hazina, aone kila shilingi inayoingia na kutoka. Najua kuna vikundi ambavyo daftari halipendi kutazamwa, na hao mnajijua. Wakikuta mwenyekiti amekopa asirudishe, itakuwa ni somo pia, lakini sitakuwa mimi niliyelifundisha.

Ninao vijana 14 na hapa naona vikundi tisa, hivyo vikundi viwili vitapumzika. Atakayekubali aniandikie jina la kikundi kabla ya Jumatano ya Majivu. Nikiwa sipo kigangoni, mwachieni karatasi yule mama anayefua nguo za altare. Au itieni kwenye kopo.